SOMO: Kulala kwenye hema Mang'ula, Hifadhi ya Milima ya Udzungwa

Wiki hii pekee nimeulizwa mara sita namna ya kupiga kambi Udzungwa, na mara zote sita nimeandika majibu yale yale. Leo naandika kwa utulivu, mara moja. Atakayeniuliza tena nitamwelekeza hapa. Napapenda sana pale mahali, na inaniuma nikiona mtu amerudi akisema hatarudi tena kwa sababu ya kosa ambalo angeambiwa mapema.

1. Wakati. Juni hadi Oktoba. Masika njia zinateleza.

2. Usafiri. Mabasi ya Dar kwenda Ifakara yanapita Mang'ula. Mnakata kona Mikumi mjini, mnavuka Ruaha Mkuu pale Kidatu, kisha ni miwa pande zote na mlima unawasindikiza upande wa kulia. Mwambie konda unashuka lango la hifadhi.

3. Malipo. Usitegemee noti mfukoni. Unapewa namba ya malipo, unalipa kwa simu au benki. Beba kitambulisho cha taifa, bila hicho utakosa kiwango cha Mtanzania. Viwango vinabadilika, viangalie TANAPA (Shirika la Hifadhi za Taifa) kabla ya safari.

4. Vitu. Watu wakisikia "milima" wanabeba makoti ya Kilimanjaro. Kambi ipo chini kabisa, ukingoni mwa bonde la Kilombero, kuna joto na kuna mbu. Shuka moja linatosha. Chandarua au dawa ya mbu ni lazima. Blanketi ni la wanaopanda Mwanihana na kulala huko juu, maana kilele chake kina mita 2,111. Beba jiko dogo la gesi. Kuni usiokote hata kijiti: tangu 2011 hata akina mama wa vijiji vya jirani, waliokuwa wakiruhusiwa kuokota kuni kavu, walizuiwa. Mgeni kuwasha moto kwa kuni ambazo mwenyeji amenyimwa si uungwana.

5. Mahali pa kusimika hema. Hapa ndipo nilipoharibu, kwa hiyo nitakaa kidogo.

Ilikuwa Novemba, mvua za kwanza. Nilikuwa na mke wangu na binti yetu wa miaka sita. Nikachagua mahali palipo laini kuliko pote: chini ya mti mkubwa, majani yaliyooza yametanda kama godoro, hatua chache kutoka kijitoni. Jioni ikanyesha. Saa nane usiku nikaamshwa na sauti kama ya mchele unaomwagwa juu ya gazeti. Nikadhani mvua imerudi. Nikawasha tochi. Panzi, mende na buibui walikuwa wanapanda ukuta wa hema kwa mbio, na nyuma yao siafu, wengi kiasi kwamba kitambaa chenyewe kilionekana kinatembea. Zipu ya mlango nilikuwa nimeiacha wazi upana wa vidole viwili ili tupate hewa. Wakapitia hapo. Binti yangu aliamka wakiwa kwenye nywele zake. Tulikimbilia banda la kupikia miguu mitupu, na mama yake akakaa akiwatoa mmoja mmoja mpaka saa kumi. Ukimvuta siafu, kiwiliwili kinakatika, kichwa kinabaki kimeng'ata.

Kwa hiyo:

- Kabla hujafungua mfuko wa hema, kwangua majani kwa kiatu, hatua mbili kila upande. Ukiona mstari wa kahawia unaotembea, pembeni wamesimama wale wenye vichwa vikubwa na taya wazi, hiyo ni njia yao. Hama, tena mbali, si mita tatu.
- Epuka kibonde hata kikiwa laini namna gani. Maji yatakuja hapo.
- Turubai la chini lisizidi hema. Likichomoza linakusanya maji ya mvua na kuyaingiza chini yenu.
- Zipu ifungwe mpaka mwisho. Joto vumilia.
- Wadudu wadogo wakianza kukimbia wote upande mmoja, usisubiri kuona kinachowafukuza.
- Siafu wakishafika, USIPIGANE NAO. Toka, vua nguo uzikung'ute, kaa mbali, watapita. Usipulize dawa, usimwage mafuta ya taa. Kile kijito kinashuka kwa watu.

6. Chakula. Kisikae ndani ya hema. Nyani wanajua zipu.

7. Matembezi. Ndani ya hifadhi hakuna barabara ya gari, ni miguu, tena na askari au mwongozaji. Maporomoko ya Sanje yana mita 170 kwa ngazi zake zote. Anza asubuhi, ukifika juu ugeuke nyuma: bonde zima la Kilombero liko chini yako.

8. Usiku. Kuna mnyama anaitwa perere, mdogo tu, wa mtini. Analia kama mtu anayekabwa, na sauti inapanda kila anapovuta pumzi. Usimwamshe askari.

---

MASWALI

Juma_Tegeta: Mkuu, bei gani kuingia na kulala?

Mwandishi: Hatua ya 3.

Juma_Tegeta: Nimesoma, nataka makadirio tu.

Mwandishi: Sitoi makadirio. Mwaka juzi nilimtajia mtu bei ya zamani, akafika langoni hela pungufu, na familia nyuma yake. Waulize wenyewe.

Nuru wa Tanga: Asante kwa somo, kaka. Nina swali: kwa nini siafu watembee usiku wa mvua? Kwetu pia huwa wanakuja mvua zikianza.

Mwandishi: Dada Nuru, swali zuri. Siafu hawana kichuguu cha kudumu kama mchwa. Wanajificha ardhini, mara nyingi kwenye mizizi ya mti mkubwa, wanakaa kwa muda, wakimaliza chakula wanahama, malkia na watoto wamo. Mvua ikijaza mashimo yao wanatoka. Na ardhi ikilowa ndipo mawindo yanapopatikana, hawapendi jua kali. Kundi moja linaweza kufika mamilioni. Ndiyo maana mti mkubwa na majani yaliyooza palikuwa mahali pabaya: nililala mlangoni kwao. Bibi yangu wakiingia nyumbani alikuwa anatutoa nje wote, anasema waacheni wafagie. Wakiondoka, mende wala panya humwoni.

Nuru wa Tanga: Majivu je? Kwetu tunazungushia nyumba.

Mwandishi: Yakiwa makavu yanawachelewesha. Yakilowa ni bure. Na kule huwashi kuni, labda uyabebe kutoka nyumbani kwenye kopo. Mimi nabeba.

Mtalii_Halisi: Kwa hiyo unatisha watu wasiende hifadhini? Hivi ndivyo utalii wa ndani unavyokufa.

Mwandishi: Nimekwenda mara tano baada ya usiku ule, na binti huyo huyo, na sasa kukwangua majani ni kazi yake. Nimeandika maneno yote haya ili watu WAENDE. Soma tena mwanzo.

Mama Pendo: Shikamoo. Mtoto wa miaka mitano ataiweza Sanje?

Mwandishi: Marahaba, mama. Sanje ni mwinuko wa saa kadhaa, utamaliza ukiwa umembeba. Mpeleke maporomoko ya Prince Bernhard, ni karibu na makao makuu ya hifadhi, anaenda na kurudi kwa miguu yake. Na mvalishe soksi, suruali ameichomeka ndani.

Bosi_K: Naweza kuja na mbwa wangu?

Mwandishi: Hapana.

Bosi_K: Ni mdogo.

Mwandishi: Ni hifadhi ya taifa. Hapana.

Reli_na_Mimi: Msisahau TAZARA jamani, Mang'ula kuna stesheni. Ulizeni kwanza treni gani inasimama.

Mwandishi: Kweli mkuu, ahsante. Nayo inapita Selous ya zamani, pori la wanyama, kaeni dirishani.

Nuru wa Tanga: Samahani kwa kurudi tena. Yule nyani wa Sanje nimesikia anapatikana huko tu. Kambini anaonekana?

Mwandishi: Rudi hata mara kumi. Wenyeji wanamwita n'golaga, na walimjua siku zote. Watafiti walimtambua 1979, baada ya kusikia mlio wake na kuambiwa jina na mwenyeji waliyekuwa naye. Kambini usimtegemee, omba mwongozaji akupeleke kwenye kundi lililozoea watu. Lakini alfajiri toka nje ya hema, kaa kimya kabla ya kuchemsha chai. Ukisikia mlio mzito unaopanda halafu unavunjika kama kicheko, kutoka mlimani, ndiye.

Fundi_Moro: Viatu vikilowa kijitoni mnavikaushaje bila moto?

Mwandishi: Magazeti. Yakunje, yasukume mpaka vidoleni, badilisha kabla ya kulala. Viatu viingie ndani ya hema, na asubuhi vikung'ute kabla hujatia mguu.