Jinsi ya kumwashia mtoto hamu ya kupiga picha

Wazazi wengi wanaotamani mtoto wao apende kupiga picha huanza kwa kununua kamera, ilhali kinachostahili kutangulia ni ule mshangao wa kuona mwanga wenyewe ukichora. Chagua chumba ambacho dirisha lake linatazama mahali penye jua kali, ulizibe lote kwa maboksi na nailoni nyeusi, kisha utoboe tundu moja la mviringo lenye upana wa sentimita 1 hivi. Tundika shuka jeupe umbali wa mita moja na nusu kutoka kwenye tundu, ufunge mlango, na mkae gizani dakika 10 ili macho yazoee. Mtoto ataona mnazi, paa la jirani na wapita njia wakitembea juu ya shuka, miguu juu kichwa chini, kwa rangi zao halisi. Taswira hupinduka kwa sababu mwanga husafiri katika mstari ulionyooka, hivyo ule unaotoka kileleni mwa mnazi hushuka kupitia tunduni na kuangukia sehemu ya chini ya shuka. Ibn al-Haytham, mwanasayansi mzaliwa wa Basra, Iraki ya leo, alilichunguza jambo hili takriban miaka 1,000 iliyopita. Usiharakishe kulieleza; subiri mtoto aulize mwenyewe.

Hapo ndipo umpe kamera, na simu ya zamani inatosha kabisa, lakini umwekee kikomo cha picha 12 kwa juma. Seydou Keïta wa Bamako, nchini Mali, alipewa kamera ya Brownie na ami yake mwaka 1935, akiwa kijana anayejifunza useremala, akaanza kwa kuwapiga picha jamaa zake. Alipofungua studio mwaka 1948, mara nyingi alimpiga mteja picha moja tu, kwa kuwa vifaa vilikuwa ghali. Kwa hiyo alilazimika kumtengeneza mtu mkao, nguo na mikono kabla ya kubonyeza. Nguvu ya picha zake, kwa maoni yangu, imo katika subira hiyo.

Mwagize mtoto ampige bibi yake picha akiwa ameketi mlangoni, uso ukielekea nje, asubuhi, adhuhuri na saa kumi na moja jioni, baada ya kumwomba ruhusa. Adhuhuri macho ya bibi yatafunikwa na kivuli, na jioni makunyanzi yake yataonekana laini. Mtoto atagundua tofauti hiyo bila somo lolote.

Mwisho wa mwezi, mpeleke studio akasafishe picha tatu alizozichagua mwenyewe, aandike tarehe nyuma yake na kuzibandika ukutani. Iliyoharibika isifutwe. Muulize alitaka kuonyesha nini, kisha mrudi pamoja mahali palepale, saa ileile, siku inayofuata.