Somo: Kufunga vifaa na kutunza glaida ya rimoti ya mita 2 ukiwa Mwanza

Wakuu, somo hili linahusu glaida (ndege inayoelea mota ikiwa imezimwa) ya umeme ya foamu, mita 2 kutoka ncha ya bawa hadi ncha, yenye mota puani na propela inayojikunja. Ndiyo saizi inayomfaa anayeanza huku kwetu: inaonekana vizuri ikiwa mbali, ukichomoa mabawa inabebeka kwenye bodaboda, na haihitaji uwanja wa lami. Vipimo vyote hapa ni vya ndege ya kilo 1 hadi 1.1 ikiwa tayari kuruka. Ya kwako ikizidi hapo, isome tena Hatua ya 1.

Kwanza ujue utarushia wapi. Uwanja wa ndege wa Mwanza uko ufukweni kabisa, Ilemela, na ndege zinazotua hupita chini. Kwa hiyo Ilemela, Pasiansi, Kirumba na ufukwe wa karibu na hapo ondoa kwenye hesabu. Vyombo visivyo na rubani viko chini ya TCAA (Mamlaka ya Usafiri wa Anga Tanzania). Ulizia kibali mapema, kwa sababu anayekuona na rimoti mkononi hatatofautisha glaida na droni. Mahali pazuri ni pa wazi, mbali na nyumba na nyaya za umeme, kama mashamba ya mpunga yaliyokwisha kuvunwa upande wa Misungwi, ukishaongea na mwenye shamba. Vilima vyetu vya mawe vinavutia kwa macho, lakini nyuma ya jiwe kubwa upepo unajiviringisha, na pa kutua hapana.

Hatua ya 1: Pima kabla ya kubandika

Tafuta mizani ya jikoni ya kidijitali. Pima kila kipande na uandike. Pua ya glaida ni fupi na mkia wake ni mrefu, kwa hiyo uzito wa mkiani unalipiwa riba. Ukiweka gramu 10 za gundi na rangi mkiani, sentimita 75 nyuma ya kitovu cha mizani (pale ndege inapokaa sawa ukiiinua), utalazimika kuweka gramu 30 za risasi (ile metali nzito) puani, sentimita 25 mbele yake. Gramu 10 zimegeuka 40, na hakuna ulichopata.

Gundi nayo ichague. Foamu laini inayonesa (EPO) inakubali epoksi ya mikebe miwili na supaglu. Foamu nyeupe ya chengachenga, ile ya maboksi ya samaki, ukiitia supaglu ya kawaida inayeyuka mbele ya macho yako.

Hatua ya 2: Sevo

Sevo (vimota vinavyosogeza vibao vya kuongozea ndege) za gramu 9 zinatosha. Za mkiani zinaweza kuwa za meno ya plastiki. Za eleroni (vibao vinavyosogea nyuma ya mabawa) chukua za meno ya chuma, kwa sababu ncha ya bawa ikigusa majani wakati wa kutua, kishindo chote kinaishia kwenye meno ya sevo.

Kosa linalorudiwa kila siku ni kufunga mkono wa sevo kabla ya kuiwasha. Washa rimoti na risiva (kipokezi cha mawimbi ya rimoti), rudisha trimu zote (vitufe vya marekebisho madogo kwenye rimoti) katikati, ndipo uvalishe mkono ukiwa wima, kisha kaza skrubu yake. Ukifunga kwa kubahatisha, utajikuta umemaliza trimu yote upande mmoja na ndege bado inavuta.

Waya wa kusukumia uingize kwenye tundu la ndani la mkono wa sevo, na tundu la nje la pembe (kishikio cha waya) ya elevata, kile kibao cha mkiani cha kupandisha na kushusha pua. Hapo sevo inapata nguvu zaidi na mchezo (kulegea) wa waya unapungua. Kiasi cha kusogea cha kuanzia, ukipima ukingo wa nyuma kwa rula: elevata milimita 8 hadi 10 juu na chini, usukani (kibao cha wima cha mkiani) milimita 25 kila upande, eleroni milimita 12 juu lakini 6 tu chini. Eleroni zikishuka sawa na zinavyopanda, bawa la nje linaburuta na pua inageukia upande usioutaka. Ekspo (mpangilio wa rimoti unaolainisha fimbo ikiwa karibu na katikati) weka asilimia 30.

Halafu simama nyuma ya ndege. Ukivuta fimbo kwako, elevata ipande. Ukipeleka kulia, eleroni ya kulia ipande. Rudia kila siku ya kurusha, hata kama jana ilikuwa sawa.

Hatua ya 3: Mota, ESC na propela

Kazi yote ya mezani ifanye propela ikiwa imetolewa. Hili halina mjadala. Propela ya inchi 10 inakata kidole.

Kwa lipo (betri ya lithiamu) ya seli 3 (volti 11.1), mota ya takriban KV 1000 (mizunguko 1000 kwa dakika kwa kila volti) na propela ya kujikunja ya 10x6 (kipenyo inchi 10, msukumo wa inchi 6 kwa mzunguko) itakula ampea 25 hivi kwa nguvu zote. Chukua ESC (kidhibiti cha mwendo wa mota) ya ampea 40, isiyofanya kazi ikiwa ukingoni, na yenye BEC (sehemu inayolisha umeme risiva na sevo) ya ampea 3 au zaidi, kwa sababu sevo nne zikifanya kazi kwa pamoja BEC dhaifu inashuka volti na risiva inazima kwa sekunde moja au mbili. Sekunde mbili ni nyingi ukiwa mita 15 juu ya ardhi.

ESC lazima iwekwe breki. Bila breki upepo unaendelea kuizungusha propela, haijikunji, na glaida inashuka kama imefunguliwa mwavuli puani. Ikitoka dukani mara nyingi breki imezimwa.

Toboa tundu la hewa puani na jingine kubwa zaidi nyuma ya ESC. Hewa ikiingia bila kutoka haipozi kitu.

Hatua ya 4: Risiva

Antena mbili za risiva zipishane kwa pembe mraba, mbali na bomba la kaboni la bawa. Kaboni inazuia mawimbi ya 2.4 GHz. Ukizilaza juu ya bomba hilo, mezani kila kitu kitafanya kazi, na ndege itapotea ikiwa mbali imekupa tumbo.

Weka felisefu (kile risiva itakachofanya mawimbi ya rimoti yakikatika): mota izime, elevata ipande kidogo sana, usukani upinde kidogo. Ndege ikikosa mawimbi itazunguka taratibu juu yako badala ya kuelekea Sengerema. Kisha ijaribu, propela ikiwa imetolewa: zima rimoti na uangalie. Mwisho, weka rimoti kwenye hali ya kupunguza nguvu, rudi nyuma hatua 30, na mwenzako athibitishe kwamba sevo hazitetemeki, mota ikiwa imezimwa na hata ikiwaka.

Hatua ya 5: Mizani

Hapa usiharakishe. Pima upana wa bawa kutoka ukingo wa mbele hadi wa nyuma. Bawa la upana wa milimita 200 lililo sawa mwanzo hadi mwisho, kitovu cha mizani kiwe milimita 60 hadi 66 nyuma ya ukingo wa mbele. Siku ya kwanza tumia 60. Bawa linalokwenda likipungua lina hesabu yake, fuata karatasi ya kiwanda.

Weka alama chini ya mabawa yote mawili, inua kwa ncha za vidole viwili, betri ikiwa ndani na kifuniko kimefungwa. Pua ishuke kidogo sana au ikae sawa. Sogeza betri kwanza. Risasi iwe njia ya mwisho, na zile za nyavu zinazouzwa kwenye maduka ya zana za uvuvi zinafaa kabisa. Ukishapata, chora mstari ndani ya kiwiliwili betri inapoishia, na ifunge kwa velkro pamoja na mkanda. Betri ikirudi nyuma sentimita 2 hewani, mizani yako imekwisha.

Pima pia kushoto na kulia. Bawa lenye gundi nyingi litaivuta ndege upande huo kila inapopunguza mwendo.

Hatua ya 6: Kurusha

Nenda saa 1 hadi saa 3 asubuhi, kabla upepo wa ziwani haujaamka. Mchana ardhi ikipata joto upepo unatoka ziwani kuingia nchi kavu, na ndiyo unaomsukuma anayeanza nyuma ya mahali alipokusudia kutua.

Mara mbili tatu rusha kwa mkono bila mota, ukiupokea upepo usoni, mabawa sawa, pua chini kidogo, kama unasukuma mkuki na si kama unatupa jiwe. Ikipanda, ikasimama, ikaangukia pua, mkia ni mzito au elevata imeinuka. Ikipiga mbizi moja kwa moja, ongeza trimu ya elevata kabla hujagusa uzito.

Ikishapanda juu salama, zima mota, shusha pua kwa sekunde 2, kisha achia fimbo. Ikiinuka kwa pupa, pua ni nzito: rudisha betri nyuma milimita 2 na upunguze trimu. Ikijirudisha polepole, iache. Ikiendelea kuzama, mkia ni mzito; tua, rekebisha.

Ziwa liko mita 1,134 juu ya usawa wa bahari, hivyo hewa ya huku ni nyepesi kuliko ya Dar es Salaam kwa zaidi kidogo ya sehemu moja ya kumi. Glaida ile ile itatua kwa kasi zaidi kwa kama asilimia 5 au 6. Anayefuata video za watu wa pwani atashangaa mbona yake haisimami.

Kuanzia saa 4 tafuta hewa ya moto inayopanda. Waangalie kongoti na mwewe: wakizunguka bila kupiga bawa, nenda upande huo. Ila usiwaingilie katikati.

Utunzaji

Lipo ya seli 3 ikijaa ni volti 12.6. Kama hurushi kesho, ihifadhi kwenye 11.4. Ikisoma volti 11 mota ikiwa imezimwa, acha kupanda tena. Kwa betri ya 2200 mAh, kupanda kwa sekunde 30 kunakula kama 210 mAh, kwa hiyo mara 7, kisha tua. Ichaji kwa ampea 2.2 ndani ya chungu, chini pawe na mchanga, na usilale ikiwa inachajiwa.

Jua ni adui kuliko kuanguka. Foamu ikifungiwa ndani ya gari mchana inajikunja, na betri inavimba. Mabawa yalaze au yaning'inize, usiyaegemeze ukutani.

Kila baada ya siku ya kurusha: kunja bawaba za eleroni uangalie nyufa, shika propela uone kama ina mchezo, kaza skrubu za mota. Propela yenye ufa itupe, haina gundi yake. Wale vijidudu vya ziwani wanaopaa kama moshi wakigandia ukingo wa mbele, futa kwa kitambaa chenye maji ya sabuni. Bawa lenye mikwaruzo ya uchafu linaelea vibaya.

Maswali ya wanachama

Swali (Nyegezi): Mkuu, yangu imeangukia ziwani na kukaa dakika 20. Nimeitoa, nifanye nini?

Jibu: Maji yetu ni baridi, hayana chumvi, kwa hiyo kuna matumaini. Usiiwashe kujaribu. Chomoa betri, fungua risiva na ESC, suuza tope kwa maji safi, kausha kivulini mbele ya feni siku 2. Mota tia tone la mafuta ya cherehani kwenye beringi. Betri iweke nje peke yake. Ikivimba au seli moja ikipishana volti na nyingine, usiirudishe. Na siku nyingine usiingie mwenyewe kwenye matete kuifuata, kuna kichocho, na sehemu nyingine kuna mamba. Mlipe mwenye mtumbwi.

Swali (Buswelu): Kaka, nikishusha kwa kasi mkia unalia brrr. Ni mota?

Jibu: Siyo mota, ni elevata inatetemeka kwa sababu waya una mchezo au bawaba imelegea. Ukisikia, inua pua taratibu upunguze mwendo, usikurupuke. Ukitua, shikisha bomba la waya kwa gundi kila sentimita 10 na ubadilishe bawaba. Ukipuuza, mkia utakatika.

Swali (Igoma): Dada wa hapa naomba kuuliza, bawa langu limejipinda kwa jua. Ndiyo basi?

Jibu: Hapana dada, linarudi. Lipashe kwa draya ya saluni au maji ya moto yasiyochemka, lipinde kinyume kupita kidogo, lishikilie mpaka lipoe. Kisha lilaze mezani ulichungulie kutoka nyuma: ncha zote mbili zifanane.

Swali (Misungwi): Umeme huku unakatika. Naweza kuchaji kwa betri ya pikipiki?

Jibu: Ndiyo, kama chaja yako inapokea volti 12 za moja kwa moja (DC). Lipo ya 2200 ina kama Wh 24 (kipimo cha nishati), na betri ya pikipiki ya 12 V, 5 Ah ina Wh 60, hivyo ukichaji moja tu utakuwa umekula karibu nusu. Chaji mbili ujiandae kupiga kiki.

Swali (Magu): Wazee wangu, nataka kurusha bila mota, kwa mpira. Vipimo?

Jibu: Mpira laini wa bomba mita 15, uzi wa nailoni wa kuvulia wa milimita 0.8 mita 60, kigingi cha chuma kilichozama vizuri, na kitambaa chekundu mwisho wa uzi ili uonekane ukidondoka. Tyubu ya baiskeli ni ngumu mno, inavuta kwa kishindo halafu inaishiwa. Ndoano ya ndege iwe milimita 10 mbele ya kitovu cha mizani. Ikiwa nyuma yake, ndege inapinda pembeni na kubamiza chini. Vuta mpaka mizani ya ndoano, ile ya wauza samaki, isome kilo 3 hadi 4 kwa ndege ya kilo 1. Mtu yeyote asisimame kati yako na kigingi.