Kulinganisha nyuzi za fitingi kwenye laini ya oili ya turbo

Shafti ya turbo huweza kuzunguka zaidi ya mara 100,000 kwa dakika, ikielea juu ya utando mwembamba wa oili. Utando huo ukikosekana kwa sekunde chache tu, beringi zinaungua. Lakini mvujo mwingi ninaoitwa kuutazama hapa Kampala hauanzii kwenye turbo yenyewe. Unaanzia kwenye fitingi ndogo ya shaba iliyolazimishwa kuingia tundu lisilo lake.

Mwongozo huu ni wa mwenye injini ya Kijapani, tuseme Subaru yenye EJ20 au Land Cruiser yenye 1HZ inayofungwa turbo kwa mara ya kwanza, anayetaka kuchukua oili pale ilipofungwa swichi ya presha ya oili.

Hatua ya 1: Toa swichi, uitunze

Injini ikiwa imepoa, safisha vumbi lote kuzunguka swichi ndipo uifungue. Usiitupe hata kama imeharibika. Swichi hiyo ndiyo kipimo chako cha kweli, kwa sababu nyuzi zake zilichaguliwa kiwandani kwa ajili ya tundu hilo. Nenda nayo dukani mfukoni. Ukifika soko la vipuri la Kisekka na kuomba "fitingi ya moja ya nane" kwa maneno matupu, unaweza kupewa mojawapo ya aina tatu, na zote tatu zitaonekana sawa mkononi.

Hatua ya 2: Zijue aina tatu zinazofanana

Kwanza, jina "1/8" lisikudanganye. Ni jina la zamani la kipenyo cha ndani cha bomba, si unene wa nyuzi. Ukipima kwa kalipa utapata karibu milimita 10.

BSPT ya 1/8, nyuzi za bomba za Kiingereza, ndiyo iliyo kwenye swichi za presha za magari mengi ya Kijapani. Ina nyuzi 28 kwa inchi, pembe ya uzi ni digrii 55, na unene wake wa kawaida ni milimita 9.73. Inapungua unene kuelekea nchani.

NPT ya 1/8 ni ya Kimarekani. Ina nyuzi 27 kwa inchi, pembe ya digrii 60, na unene wa takriban milimita 10.3. Nayo inapungua unene. Seti nyingi za turbo zinazoagizwa mtandaoni huja na hii, kwa kuwa zilibuniwa kwa soko la Marekani.

M10x1.0 ni ya kimetriki. Imenyooka, haipungui popote, na umbali kati ya uzi na uzi ni milimita 1 kamili. Hii haizibi kwa nyuzi zake. Inazibwa na washa ya shaba inayobanwa chini ya bega la fitingi. Kupaka dawa kwenye nyuzi zake ukiacha washa ni kujitafutia mvujo.

Hatua ya 3: Linganisha kwenye mwanga

Tofauti ya nyuzi 27 na 28 kwa inchi huwezi kuihesabu kwa rula, maana sehemu yenye nyuzi ni fupi mno, kama sentimita moja. Tumia geji ya nyuzi ukiwa nayo. Usipokuwa nayo, shika fitingi mpya na swichi ya zamani ubavu kwa ubavu, nyuzi za moja ziingie katikati ya nyuzi za nyingine, kisha zielekeze dirishani. Zikiwa za aina moja zinalala pamoja na mwanga haupiti. Zikiwa tofauti, zinakutana mwanzoni halafu zinaachana, na utaona mwanya wa mwanga ukipanuka upande mmoja. Fanya hivi kwa utulivu, na ugeuze fitingi uangalie upande wa pili pia.

Usijaribu kwa kuingiza tundini. NPT itashika kwenye tundu la BSPT raundi mbili tatu, ndiyo maana watu hudhani imekubali, kisha inakaza ghafla. Anayeendelea kwa spana anakata nyuzi za tundu la injini, hasa ikiwa ya aluminiamu, na hapo kazi ya fitingi imegeuka kazi ya fundi wa leti kule Katwe.

Hatua ya 4: Pima upande wa turbo kivyake

Usidhani turbo ina nyuzi sawa na injini. Turbo nyingi za aina ya T3 na T4 huingiza oili kwa NPT ya 1/8. Nyingine hutumia bolti ya banjo ya kimetriki, yaani bolti yenye tundu ndani la kupitishia oili. Njia ninayoipendelea ni kununua adapta mbili tofauti: moja ya BSPT kwenda AN-4 (kiungo cha hosi kinachoziba kwa koni, si kwa nyuzi) kwa injini, nyingine ya NPT kwenda AN-4 kwa turbo. Hosi ya katikati inabaki ya aina moja ncha zote.

Hapa kuna mtego ambao mafundi wazuri kabisa huuingia. Nati ya AN-4 ina nyuzi za 7/16-20. Nati ya bomba la friji na eyakondishena ya robo inchi nayo ina 7/16-20. Zinafungana vizuri hadi mwisho. Ila koni ya AN ni digrii 37, na ya friji ni digrii 45. Koni hazilaliani, zinagusana kwenye mstari mwembamba tu, na oili ya moto yenye presha itapita. JIC, fitingi ya koni ya hosi za hidroliki, yenyewe ni digrii 37, kwa hiyo duka linalobana hosi za trekta na greda linaweza kukusaidia. Waambie tu unataka hosi ya tefloni yenye wavu wa chuma, kwa sababu hosi ya kawaida ya hidroliki imekadiriwa kufikia digrii 100 hivi, na kando ya turbo joto linazidi hapo.

Hatua ya 5: Ziba na kaza

Kwenye BSPT na NPT tumia dawa ya maji ya kuziba nyuzi, ukiacha uzi wa kwanza na wa pili bila kitu. Tepu ya tefloni ya mafundi bomba siitaki kabisa kwenye laini hii: kipande kikikatika kinakwenda moja kwa moja kwenye tundu la oili la turbo. Kwenye koni za AN usipake chochote isipokuwa tone la oili.

BSPT na NPT kaza kwa mkono hadi igome, kisha kwa spana raundi moja na nusu hadi mbili. Ikiwa haijaelekea unakotaka, usiirudishe nyuma, itavuja. Itoe, isafishe, ipake upya.

Kama utafunga T (fitingi ya midomo mitatu) ili swichi ibaki, chagua ya chuma. T ya shaba iliyobeba senza nzito hukatika kwa mtetemo, hasa kwa gari linalokula barabara za murram kila siku.

Hatua ya 6: Jaza oili kabla ya kuwasha

Ncha ya hosi ya upande wa turbo itie kwenye chupa safi, zuia injini isiwake, kisha piga stata hadi oili itoke. Mimina oili kidogo kwenye tundu la turbo huku ukizungusha gurudumu lake kwa kidole, halafu funga. Washa, iache iungurume polepole dakika chache bila kukanyaga mafuta, na upitishe karatasi nyeupe chini ya kila kiungo. Endesha hadi injini ipate joto, panda mlima mmoja mrefu, rudi upitishe karatasi tena. Kiungo cha AN kikilowa kinaweza kuongezwa kidogo kwa spana. Cha BSPT kikilowa, zima injini, subiri ipoe, ukifungue na ulinganishe nyuzi upya.