Ukilala na tela, chomoa plagi

Mto wa Mbu, saa kumi na mbili asubuhi, nilizungusha ufunguo gari likajibu tik-tik-tik, basi. Wageni wameshakunywa chai, mahema yameshakunjwa. Usiku kucha friji ya tela ilikuwa inanyonya betri ya gari, na mimi nimelala fofofo. Dereva mwenzangu alikuja kunibusti. Kabla ya kufunga boneti aliniuliza kitu kimoja tu: "Jana ulichomoa plagi ya tela kwenye gari?" Sikuchomoa.

Hesabu yenyewe haihitaji fundi. Friji ya tela inayotumia gesi na umeme, ukiiacha kwenye volti 12, hula ampea 10 au zaidi bila kupumzika. Betri ya ampea-saa 70 ikinyonywa hivyo kuanzia saa tano usiku, alfajiri haina kitu. Ya kompresa ina huruma kidogo, huvuta ampea nne au tano inapounguruma kisha ikanyamaza, ila na yenyewe usiiache usiku mzima kwenye betri ya gari. Starta haitaki betri nusu.

Kwanza jua tela lako limeungwaje. Plagi ya kawaida ya pini 7 ni ya taa tu. Ya pini 13, namba 9 ina moto, yaani umeme, muda wote hata ufunguo ukiwa mfukoni, na namba 10 inatakiwa ipate moto ufunguo ukiwashwa tu. Nasema inatakiwa. Mafundi wetu wakikosa waya wa rangi fulani wanafunga uliopo, kwa hiyo rangi usiziamini, fuata namba zilizochorwa kwenye soketi. Zima gari, toa ufunguo, gusa pini moja moja kwa tesita. Itakayowasha taa ya tesita ndiyo itakayokunyonya usiku.

Jioni, zima friji kwanza au ihamishie kwenye gesi, zima taa za tela, ndipo uchomoe. Ukichomoa mzigo ukiwa bado unapita, cheche inaruka na pini zinaungua kidogo kidogo. Shika plagi yenyewe, usivute waya. Funika soketi ya gari. Plagi mimi naivisha chupa ya maji niliyoikata nusu, naining'iniza mdomo chini, maana sisimizi wanapenda sana kuhamia mle, na umande wa kule kambi ya Simba, ukingoni mwa kreta ya Ngorongoro, si mchezo. Baridi ya pale nayo inaipunguzia betri nguvu, kwa hiyo ukifanya uzembe Ngorongoro utajuta mapema kuliko Moshi.

Ukichoka kuchomoa, weka tela betri yake na relei inayosikia volti. Alteneta ikichaji, volti zikapanda kama 13.3, relei inaunganisha betri mbili. Ukizima gari zikashuka kama 12.8, inakata. Fyuzi ikae karibu kabisa na betri ya gari, na nyingine karibu na ya tela. Usibanie waya: mita sita za waya mwembamba zinapoteza volti njiani, betri ya tela haijai hata ukiendesha kutwa. Waya wangu ni wa milimita za mraba 16, niliufungisha mtaa wa Unga Limited, Arusha, baada ya fundi mwingine kunifungia kitu chembamba kama waya wa spika. Ulikuwa ukiushika una joto kama chapati.

Asubuhi washa gari kwanza, liache dakika mbili tatu, ndipo uchomeke. Mtu asimame nyuma akuitie: kushoto, kulia, breki, taa ndogo. Ukiwasha indiketa ukaona na taa nyingine zinapepesa nayo, usihangaike na balbu, tafuta arthi, ule waya unaorudisha umeme kupitia chesi. Mara nyingi ni kutu pale waya unapoungwa na chesi. Sugua kwa msasa, kaza boliti, paka grisi.

Nikishachomoa jioni nafunga kipande cha shuka nyekundu kwenye usukani, kinikumbushe kuchomeka. Siku niliyosahau kukifunga niliburuta plagi kwenye lami kutoka Mto wa Mbu hadi Kisongo, na trafiki aliyenisimamisha kwa ajili ya taa za breki ndiye aliyenionyesha kilichobaki.