Mtoto kajinyea? Hivi ndo navyofua nguo zake zitakate na zisiache ugonjwa ndani

Wazee walisema mtoto akikunyea mkononi huukati mkono, unauosha. Kila aliyelea anajua hilo, ila ile sehemu ya kuuosha ndo wengi tunaipita haraka haraka, manake tumekua tukisikia kwamba mavi ya mtoto hayana shida, ananyonya huyo, anakunywa uji huyo, ana nini cha kumdhuru mtu. Hapana jamani wamama wenzangu. Kinyesi cha mtoto ni kinyesi, tena mara nyingi ni cha hatari kuliko cha mtu mzima, kwa sababu watoto ndo wanaohara mara kwa mara na vijidudu vinavyowaharisha vinatoka humo humo kwenye kile unachokuta kwenye chupi.

Mi nakaa nyumba ya kupanga huku Mbagala, Dar es Salaam, choo kimoja, bomba moja uwani, wapangaji wanne. Mtoto wangu wa mwisho ana miaka 2 na nusu, tumemtoa pampasi juzi juzi hapa, kwa hiyo ajali ni za kila siku, leo kakojoa kwenye kaptula, kesho kajinyea akiwa anacheza. Naandika kwa mtu kama mimi anayefua kwa mkono na maji mengine anayanunua kwa dumu, mwenye mashine ya kufulia nae nitamgusa kidogo mbele.

Kilichonifanya nijifunze hii kitu kwa undani ni pale huyu mdogo alipohara, mi nikawa nafua chupi zake kwenye beseni la bluu ambalo ndo naoshea mchicha, nasuuza mara moja, naanika, naendelea na mambo yangu. Siku ya tatu dada yake wa miaka 6 nae akaanza kuhara, siku ya nne mimi. Tulipoenda kituo cha afya nesi hakuanza na dawa, aliniuliza tu, "Mama, nguo za huyu mdogo unafulia kwenye nini?" Nikakosa jibu. Tangu siku hiyo nina beseni la peke yake, jekundu, na hakuna mtu ndani ya nyumba anayeligusa kwa kazi nyingine. Kama huna hela ya beseni jipya hata ndoo ya rangi iliyokatwa inatosha, muhimu isichanganyike na vyombo vya jikoni.

Sasa tuanze.

Mtoto kwanza, nguo baadae. Mvue taratibu, chupi ishuke ikiwa imekunjwa ndani ili uchafu usipake miguuni, mtawaze kwa maji na sabuni, mkaushe, mvalishe. Mtoto wa kike mtawaze kutoka mbele kwenda nyuma, usirudi. Na usimgombeze, nakuomba, mtoto akigombezwa anaanza kuficha, utakuja kukuta chupi imekauka nyuma ya kochi baada ya siku mbili na hapo ndo kazi inakuwa ngumu kweli.

Kisha peleka nguo moja kwa moja chooni. Sio kwenye beseni, chooni. Shika pembeni na mkono wa kushoto, au vaa mfuko wa mkate mkononi kama huna glavu, halafu dondosha ile mali ndani ya tundu la choo, kinachong'ang'ania kisukume na tishu au kijiti na hicho kijiti nacho kiende huko huko. Usitupe jalalani, usimwage kwenye mtaro wa mbele ya nyumba ambako watoto wa jirani wanacheza mpira. Hata pampasi, kabla hujaitupa fungua umwage kilichomo chooni.

Ukiwa bado hapo hapo juu ya tundu mwagia maji ya kopo moja au mawili, ya baridi. Narudia, ya baridi. Watu wengi wanakimbilia maji ya moto wakidhani ndo yanaua haraka, kumbe yanaganda ile kitu kwenye uzi kama yai linavyoganda kwenye kikaango na doa halitoki tena. Elekeza maji kutoka upande wa nyuma wa kitambaa ili yasukume uchafu utoke nje, ukimwagia kwa mbele unaushindilia ndani. Kopo mbili ukimwagia hivyo zinafanya kazi kubwa kuliko ndoo nzima ya kuchovya chovya, na kwa sisi tunaohesabu maji hiyo ni faida.

Sasa ndo beseni. Weka maji ya baridi au ya uvuguvugu kidogo na sabuni ya unga, loweka nusu saa hivi. Usiloweke mpaka kesho, hasa nguo ya mkojo, ule mkojo ukikaa unageuka ile harufu kali inayochoma macho na hiyo ndo inamchubua mtoto mapaja. Beseni liwe juu, au ndani mlango umefungwa. Hili nalisema kwa msisitizo kwa sababu niliwahi kumkuta mtoto wa jirani kachuchumaa pembeni ya beseni langu anachota yale maji kwa kifuniko cha soda na kujimwagia kichwani, na kwa mtoto mdogo hata beseni la maji peke yake ni hatari, anaweza kutumbukia kichwa.

Baada ya hapo fikicha. Mi napenda sabuni ya mche, naipaka kavu juu ya doa mpaka iwe nyeupe, afu nafikicha kitambaa kwa kitambaa. Sehemu ambayo kila mtu anaisahau ni pindo la mpira wa chupi, pale miguuni. Ukiitazama chupi iliyooshwa haraka katikati inang'aa, lakini vuta ule mpira uutanue kwa vidole viwili uangalie ndani ya mikunjo, utaona mstari wa njano au wa kahawia umekaa kwenye mishono. Humo ndo harufu inabaki na vijidudu vinabaki. Chukua mswaki wa zamani uutenge kwa kazi hiyo tu, piga kwenye mshono huku umeuvuta, dakika moja inatosha. Geuza nguo nje ndani, rudia.

Mwaga hayo maji chooni, weka mengine na sabuni, fua tena mara ya pili kawaida. Hapa sasa ndo unaweza kutumia ya moto, uchafu ushatoka. Mwenye mashine afanye yote haya ya mwanzo kwa mkono kwanza, asitupie nguo yenye kinyesi ndani, afu aweke nyuzi 60 kama kitambaa kinaruhusu na asijaze mashine mpaka mlangoni. Nguo za kinyesi zifuliwe peke yake, usichanganye na taulo za jikoni wala khanga zako.

Tuje kwenye jiki, manake hapa watu tunakosea sana. Kwanza sio kila ajali inahitaji jiki. Mtoto asiyeumwa akikojoa tu kwenye kaptula, maji, sabuni na jua vinatosha kabisa. Jiki ni kwa kinyesi, na hasa akiwa anahara. Pili, inawekwa mwisho, baada ya kufua, kwa sababu uchafu unaimaliza nguvu, ukiimwaga kwenye nguo yenye mavi inapigana na mavi, vijidudu vinabaki. Tatu, kipimo. Soma chupa, kama imeandikwa 3.5% basi lita 10 za maji ya baridi weka kama mililita 150, yani nusu ya chupa ya soda ya mililita 300. Loweka dakika 10 hadi 15, suuza mara mbili. Nguo ya rangi itapauka kidogo ndo maana mi chupi za huyu mtoto nanunua nyeupe. Sufu na hariri usiweke kabisa.

Na usichanganye jiki na dawa ya kusafishia choo, wala siki, wala limao, wala usiimwage juu ya nguo iliyolowa mkojo ambao hujausuuza. Inatoa hewa inayobana kifua, kwenye kabafu kadogo kasiko na dirisha unaweza kuanguka.

Kingine kinachoniuma ni hizi jiki za kupimiwa, zinazopita mtaani kwenye chupa za maji ya kunywa. Hujui ina nguvu gani, leo ni kali kesho ni maji matupu, lakini kibaya zaidi ni ile chupa yenyewe. Mtoto anaijua chupa ya maji! Anaona iko chini ya kitanda, ana kiu, anafungua anakunywa. Nakusihi nunua ya dukani yenye chupa yake na lebo yake, weka juu kabisa. Na ikitokea mtoto kainywa usimtapishe, mkimbize hospitali na beba na chupa waione.

Kwenye kusuuza usiyahurumie maji. Najua dumu ni hela, lakini sabuni na jiki zikibaki kwenye chupi mtoto anawashwa, anatoka vipele, unadhani ni fangasi unaanza kununua dawa za kupaka bure. Maji ya kusuuza ya mwisho yakiwa bado na povu ongeza moja. Hayo ya mwisho ndo mi nadekia choo.

Anika juani, jua kali la wazi, nguo imegeuzwa ndani nje ili ule mshono uangalie juu. Jua linakausha na miale yake inaua. Usianike kwenye majani, usianike kwenye ukuta wa choo, wala kivulini ikakaa mbichi siku nzima, kwa sababu kuna nzi anayetaga mayai kwenye nguo mbichi, hasa zenye kaharufu ka mkojo, afu mtoto akivaa funza anaingia kwenye ngozi unaona kijipu kina katundu juu, ukikiminya anatoka mdudu mweupe. Dawa yake ni pasi. Ya umeme au ya mkaa, pande zote mbili, mpaka kwenye mpira na mishono. Msimu wa masika ambapo jua halipo ndani nimefunga kamba juu ya dirisha na kila chupi inapigwa pasi kabla haijavaliwa, hata kama nimechoka vipi.

Ukimaliza nguo bado hujamaliza. Beseni lioshe kwa sabuni na ulimiminie jiki ile uliyobakiza, bomba na kitasa ulivyoshika kwa mikono michafu vifute, pale alipojinyea sakafuni futa kinyesi kwanza ndo udeki, ukianza na dekio unakipaka chumba kizima. Mwisho kabisa mikono. Sabuni na maji yanayotiririka, sekunde 20, katikati ya vidole na chini ya kucha, manake kufikicha chupi kunaingiza uchafu kwenye kucha kuliko kazi nyingine yoyote. Mtoto nae anawishwa, yeye alishika. Na kama ni dada wa kazi anayefua mfundishe vizuri kwa upole na umnunulie glavu, ndo huyo huyo anayewapikia.

Godoro ni habari nyingine. Njia bora ni kuzuia, nunua ule mpira wa kitandani au nailoni nzito, weka chini ya shuka, na juu ya shuka tandika khanga iliyokunjwa mara mbili pale anapolalia, usiku akikojoa unavuta khanga tu mnaendelea kulala. Ikishaingia kwenye godoro kandamiza kwa kitambaa kikavu, usisugue, afu nyunyiza maji ya sabuni kidogo, futa, kandamiza tena, lisimamishe juani. Ukilimwagia maji ndoo nzima sponji haitakauka ndani na litaoza.

Shuka la mtoto anayewashwa makalio usiku usilikung'ute ndani. Hiyo mara nyingi ni minyoo midogo myeupe, mayai yake yanapeperuka na yanaweza kukaa hai ndani ya nyumba wiki 2 hadi 3. Likunje polepole, lipeleke kwenye beseni, maji ya moto, na mkatafute dawa ya minyoo nyumba nzima.

Mkiwa safarini, tangu mifuko ya plastiki ipigwe marufuku Juni 2019 hatuna tena rambo la kutupia nguo chafu, kwa hiyo mi kwenye begi nina kopo la plastiki lenye mfuniko wa kukaza, chupi mbili, kaptula, tishu, na chupa ya maji ya kutawazia. Kinyesi namwaga choo cha stendi, chupi inaingia kwenye kopo, nikifika nyumbani kopo nalo linaoshwa kama beseni.

Akiwa anahara kweli, choo cha maji mara tatu au zaidi kwa siku, acha kufikiria nguo peke yake. Mpe ORS, ile dawa ya unga ya kuchanganya na maji, baada ya kila anapotoa, endelea kumnyonyesha na kumlisha, na kituoni watakupa zinki ya siku 10 hadi 14, mpe zote hata kama kaacha kuhara. Macho yakiingia ndani, akiwa halii machozi, au ukiona damu, usisubiri asubuhi. Choo kikiwa kama maji ya mchele, mengi, hiyo inaweza kuwa kipindupindu, tuliokuwepo Dar Agosti 2015 kilipoanzia Kinondoni tunakumbuka kinavyokwenda mbio. Hapo nguo ambayo haifuliki choma au tumbukiza chooni, usiihurumie. Na angalia kadi ya kliniki kama alipata matone yote ya rota, yani chanjo ya kirusi kinachoharisha watoto, hapa kwetu yanatolewa bure tangu 2013.

Leo asubuhi nimeanika chupi saba. Nimezivuta mpira moja moja kabla ya kuzitundika, sita zilikuwa safi, moja nimeirudisha kwenye beseni jekundu.