Injini imetoka ovahoo, inawaka kwa shida na inatetemeka sailensi: anzia hapa

Umemaliza kufunga injini baada ya ovahoo, yaani kuifungua yote na kuitengeneza upya, ringi mpya, beringi mpya, hedi imechongwa, alafu unapiga starta mpaka betri inachoka ndo inashika, na ikishika, ikiwa sailensi yaani inaunguruma yenyewe bila kukanyaga mafuta, inatetemeka gari zima. Hiyo hali inauma sana ukifikiria hela na siku zilizoishia hapo. Ila kabla hujakimbilia kununua sensa au kuzungusha skrubu za kabureta jiulize, kabla haijafunguliwa ilikuwa na shida hii? Kama haikuwa nayo basi mara nyingi tatizo liko kwenye kitu kilichoguswa wakati wa kufungua au kufunga, na huko ndo pa kuanzia.

Kwanza starta usiipige mfululizo, sekunde 10 alafu iache ipumzike kama dakika moja. Sio starta peke yake inayoumia, petroli isiyoungua inaosha oili kwenye kuta za silinda, na ringi zenyewe mpya bado hazijakaa, kwa hiyo kompresheni, yaani mgandamizo wa hewa ndani ya silinda, inashuka na injini inazidi kugoma. Plagi zikilowa zitoe zote, zikaushe, ndo ujaribu tena. Na kama inazunguka kizito, injini iliyofungwa upya huwa imekaza kidogo hilo ni kawaida, lakini chaji betri na uangalie ule waya wa athi unaotoka kwenye bloku kwenda kwenye bodi, huo unasahaulika sana, au unafungwa juu ya rangi na kutu, starta inakosa nguvu na sensa nazo zinaanza kusoma vitu vya ajabu.

Sasa taiming, yaani kranki (shafti inayozungushwa na pistoni) na kemshafti (inayofungua valvu) kuzunguka kwa kupatana. Hapa nakuomba usiwe na haraka hata kama una uhakika ulizipanga alama vizuri, maana alama zinaweza kukaa sawa kabisa kabla hujaachia tenshena inayokaza belti, ukiiachia tu belti inajivuta na kemshafti inahama jino moja. Chukua spana, zungusha kranki kwa mkono raundi mbili kamili kuelekea upande inakozungukia injini, kisha angalia alama zote tena. Raundi mbili kwa sababu kranki ikizunguka mara mbili kemshafti inazunguka mara moja. Ikikwama njiani USILAZIMISHE, huenda pistoni imekutana na valvu. Injini yenye distribyuta (inayogawa moto kwenye plagi) ina mtego mwingine, pistoni ya kwanza inafika juu mara mbili kwenye mzunguko mzima lakini ni mara moja tu ndo inatakiwa kupigwa moto, ukiweka distribyuta kwa ile nyingine utasikia inapiga mafataki kwenye kabureta na haiwaki ng'o.

Alafu pima kompresheni. Toa plagi zote, kata moto na mafuta, kanyaga pedeli ya mafuta mpaka mwisho ndo upige starta. Injini nyingi za petroli zinasoma kati ya psi 150 na 200 hivi, iliyotoka ovahoo inaweza kuwa chini kidogo mpaka ringi zikae, kwa hiyo usiangalie namba tu, angalia zinavyopishana. Silinda zote zikiwa chini kwa usawa rudi kwenye taiming. Niliwahi kuhangaika na injini moja siku tatu, nikabadilisha plagi, nikabadilisha koili, kumbe silinda zote nne zilikuwa 120 na ushee na kemu (kemshafti) imeruka jino moja, geji ingeniambia siku ya kwanza. Ikiwa chini moja tu, mwagia kijiko kidogo cha oili humo ndani upime tena, ikipanda ni ringi, isipopanda ni valvu. Mbili zinazopakana zikiwa chini, shuku gasketi ya hedi.

Valvu kutofunga vizuri mara nyingi ni tapeti (zile zinazosukuma valvu) zimebanwa sana, mtu anaogopa kelele anazikaza, matokeo yake valvu haikai chini sawasawa na baadae inaungua. Pima kwa fila geji (vibati vya kupimia pengo) kama kitabu cha hiyo injini kinavyosema, na usome kama ni vipimo vya injini ya moto au ya baridi.

Kama inawaka vizuri ila sailensi ndo mbaya, na ukikanyaga mafuta inatulia, tafuta hewa inayoingia kwa njia ya pembeni. Gasketi ya manifoldi, hosi ndogo za vakyumu, ile ya busta ya breki. Sikiliza mlio wa kufyonza, au ziba hosi moja moja uone mzunguko ukibadilika. Kuna wanaopulizia spirei ya kusafishia kabureta, inafanya kazi lakini kwenye injini ya moto inaweza kuwaka, binafsi napendelea kupuliza moshi kwenye manifoldi na kuangalia unakotokea.

Ikimisi, yaani silinda moja haifanyi kazi, chomoa soketi za nozeli (zinazopuliza petroli) moja moja, ile ambayo ukiichomoa injini haibadiliki ndo silinda mvivu. Hamishia plagi na koili yake silinda nyingine, tatizo likihama umelipata. Angalia pia mpangilio wa waya za plagi, silinda nne nyingi ni 1-3-4-2 ila sio zote, na soketi zinazofanana huwa zinabadilishana. Petroli iliyokaa miezi kwenye tenki imwage.

Tahadhari moja kwa injini za zamani zenye tapeti bapa na kemu mpya: usiiache sailensi mwanzoni, ishikilie kama mizunguko 2000 kwa dakika, kwa muda wa dakika 20, la sivyo kemu inaliwa.

Hayo yote yakishakaa sawa ndo ushike skrubu za kabureta, na kwa zile za kompyuta iache iwake mpaka ipate joto bila eisi wala taa, maana betri ilipochomolewa ilisahau sailensi yake na inabidi ijifunze upya.