Machicha, maganda na mabuu: chakula cha kuku kutoka taka za Kongowea

Alfajiri pale soko la Kongowea, Mombasa, utaona kabichi zilizooza, maembe yaliyopasuka na matikiti yanayochuruzika yamerundikwa kando. Mfugaji wa Kisauni aliyekuja kulalamikia bei ya chakula cha kuku hulipita rundo hilo akiziba pua.

Kumbe rundo hilo laweza kuwa chakula cha kuku kwa bayoteknolojia, yaani kuwatumia viumbe hai watufanyie kazi. Neno hilo huwatisha watu, wakadhani ni mambo ya maabara tu. Lakini aliyeumua mkate wa kumimina kwa tembo la mnazi alikuwa akiajiri viumbe wadogo wamfanyie kazi. Sisi tutaajiri mdudu: nzi mweusi anayeitwa askari. Jike hutaga mayai kama 500, nayo huanguliwa baada ya siku 4 hivi. Mabuu hula taka kwa wiki mbili, na wakikaushwa, karibu asilimia 40 ya uzito wao ni protini. Nzi mwenyewe haumi wala hafuati sahani yako; huishi siku chache, hunywa maji, hutaga, hufa.

Wengi huanza kwa kununua mayai na kushona vizimba vya neti. Mimi nakuambia anza na taka. Mabuu wa siku 5 wapatao 10,000 humaliza kilo 15 za taka mbichi kwa siku 12 hivi, na taka hizo lazima zifike kwa mpangilio, zikiwa safi. Sheria ya taka ya Kenya ya mwaka 2022 inataka zitenganishwe zinapozalishwa, lakini usikae ukingoja. Mpe mama wa matunda ndoo yako yenye kifuniko, umrudishie ikiwa imeoshwa. Ukichelewa siku mbili, ya tatu atakuwekea na mifuko, chupa na mabaki ya sabuni. Usichukue taka za gereji wala za jaa la Mwakirunge: mabuu hulimbikiza mwilini kadimiamu, metali yenye sumu, na sumu hiyo huenda hadi kwa kuku.

Pwani tuna machicha ya nazi, na hapa ndipo watu huharibu. Yana mafuta mengi, hushikana yakawa donge, hupata joto na kuchacha. Kipimo changu ni kopo moja la machicha kwa makopo matatu ya maganda ya matunda na mboga. Tikiti peke yake ni maji matupu. Kamata mchanganyiko mkononi uukamue: yakitoka matone machache, sawa, yakitiririka, ongeza pumba au vumbi la makumbi, yaani maganda ya nje ya nazi. Matumbo ya samaki tia kidogo tu, kwa sababu ya harufu. Kumbuka uwani hukai peke yako, na jirani akishakasirika mradi umekwisha.

Tandaza chakula cha mabuu kwenye beseni kikiwa chembamba, kina chake kisizidi urefu wa kidole. Msimu wa kaskazi niliwahi kuweka beseni zangu chini ya mabati bila dari. Adhuhuri mabuu walipanda kuta wakitafuta hewa, jioni nikawaokota hadi mlangoni kwa mwenye nyumba. Kivuli cha makuti ni bora kuliko mabati. Miguu ya meza unayoweka beseni na mayai iwe ndani ya makopo ya maji yenye oili chafu juu, maana sisimizi wakiyajua mayai hawatakuachia hata moja. Kizimba cha nzi ndicho kikae penye jua, kwa kuwa bila mwanga hawapandani. Ndani yake funga vipande vya mbao vilivyoachiana nafasi ndogo, juu ya ndoo ya taka inayonuka. Jike hutaga kwenye nyufa hizo.

Vuna mabuu wakiwa bado weupe. Chekecha, watose kwenye maji yanayochemka dakika chache, kisha waanike juani juu ya turubai hadi wavunjike ukiwabonyeza. Mabuu hawa huchukua nafasi ya dagaa, lakini usiondoe dagaa wote kwenye chakula cha kuku siku moja. Anza kwa kuondoa robo, uangalie mayai na kinyesi kwa wiki mbili, ndipo uongeze. Mabuu wana mafuta, na kuku anayetaga akinenepa sana hupunguza mayai.

Kinachobaki kwenye beseni, yaani kinyesi na mabaki, ni mbolea, lakini kikiwa kibichi huunguza miche. Kirundike kivulini, kiwe na unyevu, ukigeuze kila wiki kwa wiki 4 au 5 kabla ya kukipeleka kwenye mchicha. Mchicha huo ukirudi Kongowea, majani yake ya nje yatakusubiri kwenye ndoo ile ile.

Kila uvunapo, bakisha kiasi. Mabuu wakigeuka weusi huacha kula, hutafuta pakavu. Wape ndoo yenye vumbi la makumbi, uifunike nusu kwa gunia, na baada ya wiki mbili hivi nzi wapya wataanza kutoka.